Kalibu ya Mzee Ebeneza

Mahongole, Makambako
Mwishoni mwa Julai

Kaka yangu Amon,

Kamwene, na kamwene kwa wote wanaolala chini ya paa lako. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunasali, na baridi ya mwaka huu haijatushinda ingawa imejitahidi. Asubuhi nyingine ukungu unakaa juu ya viazi mpaka jua lipande kabisa, na uzio wa jirani yangu Dorosela siuoni, namsikia tu akikohoa na kuwasemesha kuku wake. Wewe hali yako vipi? Mgongo bado unakusumbua ukikaa sana kwenye pikipiki? Wifi Ida amepona lile jino? Na Mika na Jasmine wanasoma, au wanakuonyesha tu majalada ya madaftari? Waambie shangazi yao anawakumbuka, na kwamba zile sweta walizosahau hapa Pasaka nimezifua, ingawa naona zitakuwa zimeanza kuwabana.

Baba hajambo. Najua hilo ndilo ulilolitafuta kwanza kwenye karatasi hii, kwa hiyo nalisema mapema ili usome mengine ukiwa umetulia. Anakula vizuri, kifua kimelegea, Jumapili anatembea mwenyewe hadi kanisani na kurudi. Amenenepa kidogo hata, ila usimwambie, atakataa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu zipo. Kwanza, kwenye simu wewe huongea na mimi husikiliza, ndivyo tulivyo tangu utoto. Pili, nyumba yangu ni ndogo, na Baba ana masikio mazuri kuliko anavyowaonyesha watu. Ninayotaka kukueleza siwezi kuyasema yeye akiwa chumba cha pili. Kwa hiyo barua hii nampa Valeriani, yule dereva anayepita huko Liganga na lori la mbao, naye nimemwomba akukabidhi wewe mkononi, si mtu mwingine. Wifi asinielewe vibaya. Namjua tu kwamba barua yoyote ikimfikia huisoma kwa sauti nyumba nzima ikasikia.

Mwezi uliopita uliniuliza mambo mawili: Baba anahamia kwako lini, na bunduki yake iko wapi, maana wewe ndiye mkubwa na ungependa kuanza taratibu za leseni mapema. Nilikujibu kwamba Baba anasubiri kalibu yake iishe. Ukacheka, ukasema ni kalibu gani hiyo inayochukua muda mrefu kuliko kujenga kanisa, na kwamba mwezi wa nane unakuja kumchukua, iwe imeisha au haijaisha. Swali lako lilikuwa la haki, kaka. Jibu langu ndilo lililokuwa nusu. Acha nikupe nusu ya pili.

Unakumbuka tulipomaliza msiba wa Mama, wazee walivyokaa pale sebuleni Lupembe na kumuuliza Baba ataishi wapi. Kwako alisema ni mbali na kaburi. Mimi nilipofungua mdomo tu, kabla sijamaliza, akasema mbele ya wote kwamba mwanamume anayehamia kwa binti yake watu humdhania hana mtoto wa kiume. Basi hapo nani angeongeza neno? Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, sina mume wa kumfanya aone aibu ya kuishi kwa mkwe, lakini kwa Baba ni ileile, ni kwa binti. Akabaki peke yake na lile jiko la Mama. Kila nilipokwenda nilimkuta amekaa karibu nalo, limezimika, na yeye hajaona kwamba limezimika.

Halafu asubuhi moja, mvua zikiwa bado zinanyesha, nikiwa karakana nasafisha mashine ya kukereza, nikasikia hodi. Haikuwa hodi ya nyumbani. Ilikuwa ya mlango wa karakana, ule wanaougonga wateja. Nikatoka nikamkuta Baba amevaa koti lake la kanisani na kofia, mkononi ana kiroba cha unga chenye vitu vinavyogongana ndani. Akaniuliza kama fundi yupo. Nilidhani ananitania, nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akaingia, akamimina kiroba juu ya meza yangu, na yakatoka maganda matupu ya risasi, yale ya shaba tuliyokuwa tukipulizia kama filimbi wewe na mimi tukiwa wadogo. Alikuwa ameyatunza miaka yote hiyo.

Akanieleza shida yake kama mteja anavyoeleza. Kwamba risasi za bunduki kuukuu kama yake hazionekani tena madukani. Kwamba ganda likishapigwa hutanuka, halirudi tena ndani ya bunduki. Kwamba zamani, alipokuwa kijana, mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa akiwinda naye nguruwe pori alikuwa na kalibu ya chuma, unalisukuma ganda ndani yake nalo linabanwa likatoka na kipimo chake cha mwanzo. Mafundi wenzangu kitu hicho wanakiita dai. Baba alitaka nimtengenezee ya kwake. Atalala wapi wakati akisubiri, hakusema. Alisema tu kwamba kazi ya vipimo inataka mwenye mali awe karibu.

Nilimwambia palepale kwamba kutengeneza risasi nyumbani bila kibali ni jela, ya kwake na ya kwangu. Akanijibu kwamba yeye hajaagiza risasi, ameagiza kalibu, na kalibu ni chuma tu. Wewe unamjua. Katika maisha yetu yote ni lini mimi au wewe tulimwambia yule mzee hapana tukiwa tunamtazama? Nikamtandikia kitanda kwenye kile chumba ninachowekea mbegu za viazi, na kesho yake nikatafuta kipande cha ekseli ya lori, tukaanza.

Pasaka mlipokuja mlimkuta hapa mkadhani amekuja kutembea. Yeye mwenyewe alikuambia, unakumbuka, kwamba kuna kazi yake fundi anaimalizia. Fundi huyo alikuwa mimi, na nilikuwa nimeshaiharibu mara moja.

Kalibu ya kwanza niliikereza kwa kupima maganda yenyewe. Nilipima kwa makini, nikatoboa, nikapiga msasa mpaka ndani pakawa pa kujitazama uso. Tukalisukuma ganda la kwanza, likaingia vizuri na kutoka vizuri, na lilipotoka lilikuwa vilevile kama lilivyoingia. Baba alilishika, akalizungusha, akanitazama. Ndipo nikajua ujinga wangu: nilipima kitu kilichokwisha kutanuka, nikatengeneza kalibu ya kutanuka kwake. Ni kama kushona sare ya shule kwa kumpima mtoto akiwa amevaa makoti mawili. Nilitegemea anifokee. Akacheka, kaka. Tangu Mama afariki nilikuwa sijamsikia akicheka.

Ya pili niliipima sawa, lakini nikaiua kwenye kuitia ugumu. Chuma ukishakipasha moto mpaka kiwe chekundu unakizima ndani ya mafuta, na mimi mafuta ya injini yalikuwa yameniishia. Nilikuwa na dumu la mafuta ya parachichi, yale machafu yanayotupwa wakishakamua, nikaona mafuta ni mafuta. Mtaa mzima ulinukia. Dorosela alitokea uzioni na sahani mkononi akiuliza tunakaanga nini. Kalibu nayo ikalia mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti mfukoni, na tulipoitoa tukaona ufa kutoka juu hadi chini. Baba akasema chuma kimekataa chakula cha kitajiri. Mpaka leo kila anayeingia karakana anasimuliwa habari hiyo.

Nataka ujue siku zetu zinavyokwenda, maana ukiwa mbali utaona kama namficha mzee kwenye banda la vyuma. Anaamka kabla yangu na kuwasha mkaa. Nikifika namkuta ameshaipaka mashine mafuta, amepanga vipande vya vyuma kwa unene, na kama kuna mteja amemkalisha kwenye benchi na kumwambia fundi anakuja. Wengine wanadhani karakana ni yake na mimi nimeajiriwa. Mashine ikianza kuunguruma yeye hukaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, anaimba nyimbo za usharika kwa sauti ya chini, zile za besi, na taratibu anasinzia. Ukungu unakuwa umesimama dirishani, mweupe, huoni barabara wala nyumba, na mara nyingine treni inapita upande wa stesheni na kibanda kinatetemeka kidogo. Chuma kinatoka kwenye ncha ya kisu kikijikunjakunja na kuanguka miguuni mwangu. Hapo huwa sijui ni saa ngapi wala ni mwaka gani. Nikizima mashine anaamka, ananiuliza kama amelala, nami namwambia hapana.

Na huwa anazungumza. Baba yetu, ambaye tukiwa wadogo alitupa maneno kama anayagawa wakati wa njaa. Ameniambia alivyokuwa akilala kwenye majani chini ya miti ya miwati, kabla hakujapambazuka, akisubiri nguruwe watoke kwenye mahindi ya watu, na jinsi ardhi ilivyokuwa ikipumua ubaridi kwenye tumbo lake. Ameniambia kwamba kuua hakukupenda hata siku moja. Alichokipenda ni kule kusubiri, kukaa kimya mahali ambapo anajulikana ana kazi. Anasema mtu pekee aliyelijua hilo alikuwa Mama, ndiyo maana alikuwa akimpelekea uji kulekule alikokuwa na kukaa naye bila kuuliza kama amepata kitu. Hayo nimeambiwa mimi, Ema, mtoto wa kike, na mkono wangu ukiwa umeshika tupa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu ya kufurahi.

Basi uliponipigia kusema unakuja kumchukua, nilikasirika na kuogopa kwa pamoja. Usiku ule sikukujibu vizuri, nisamehe. Baadaye nikajiambia kwamba kama ni lazima aondoke, aondoke na kazi yake ikiwa imekamilika, na kihalali, asije kwako na kiroba cha maganda kikakuletea matatizo. Nikamuaga Baba kwamba naenda kutafuta kisu cha mashine, nikapanda kwenda Njombe polisi kuuliza kibali.

Nikampata dada mmoja mstaarabu anayeshughulika na silaha, kwa lafudhi yake nadhani ni mtu wa Makete. Nikamweleza kwamba mzee wangu ana bunduki ya leseni na nauliza utaratibu wa kutumia tena maganda yake. Akaniuliza jina la mwenye bunduki. Nilipolitaja akaniuliza kwa upole kama mimi ni binti yake. Akaniambia Mzee Ebeneza aliisalimisha bunduki yake mwenyewe, kwa hiari, mara tu baada ya kumzika mkewe. Alikuja nayo imesafishwa, imefungwa kwenye kitenge. Alimkumbuka kwa sababu aliomba kitu kimoja tu, kama anaweza kubaki na maganda matupu, na wakubwa wake walimruhusu wakamwambia hayo ni vyuma chakavu, akiyataka ayachukue.

Rudia kusoma hapo, kaka, kama mimi nilivyomwomba yule dada arudie kusema. Mara tu baada ya kumzika Mama. Siku alipogonga hodi kwenye karakana yangu na kuuliza kama fundi yupo, hakuwa na bunduki. Alikuwa ameshakaa bila hiyo muda mrefu.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za duka la mtu karibu na soko. Wazo la kwanza, nakuambia ukweli, lilikuwa kwamba akili ya Baba imeanza kuondoka. Nikaanza kukumbuka kila siku tuliyokaa naye nikitafuta dalili, na sikuipata hata moja. Mtu anayekumbuka jina la kila mbwa aliyewahi kuwinda naye hawezi kusahau kwamba amesalimisha bunduki. Ndipo nikaukumbuka ule mlango aliougonga, na lile koti la kanisani, na vile alivyosema mwenye mali awe karibu. Baba alikuwa ameshindwa kuishi peke yake na lile jiko. Kwa binti yake hawezi kuhamia, alishalisema mbele za watu. Lakini mteja anaweza kusubiri kazi yake kwa fundi, na hakuna mtu katika ukoo wetu atakayemcheka mteja. Nililia palepale, mbele ya akina mama wanaouza viazi, na mmoja akanipa maji ya kunawa bila kuniuliza kitu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta anapuliza mkaa. Akaniuliza kama kisu nimekipata. Nikasema hakipo. Akasema hakuna haraka.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Kalibu ya tatu imeisha, Amon. Imeisha tangu kabla sijaanza kukuandikia barua hii kichwani, na sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Ganda liliingia limevimba, likatoka limenyooka, safi, na kipimo chake. Baba alilipangusa kwa kitambaa, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaliangalia muda mrefu sana. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba ndani inakwaruza.

Haikwaruzi. Nimepitisha kidole, nimepitisha pamba, hakuna mkwaruzo. Lakini nikainama, nikaitazama na mimi, nikamwambia ni kweli, nimeuona, ni kosa langu. Akashusha pumzi. Akasema basi tuanze nyingine taratibu, vitu vizuri havitaki papara. Nikachukua kipande kingine cha ekseli. Sasa niko kwenye ya nne, naikereza pana makusudi, na Baba anaipima kila jioni na kutikisa kichwa, na anajua, na sijui kama anajua kwamba najua. Ya bunduki sijamwambia. Namdanganya baba yangu kila siku asubuhi nikiwa na akili zangu timamu, naye ananidanganya, na sijawahi kuishi na mtu kwa amani kiasi hiki. Hilo ndilo nililokuficha kwenye simu. Bunduki unayoiulizia haipo. Na Baba sitaki aondoke.

Najua ninachokuomba kina uzito. Umemjengea chumba na umekipaka rangi, wifi amenitumia picha. Watu wa Lupembe watakuuliza kwa nini mzee anakaa kwa Ema wakati ana mtoto wa kiume mwenye nyumba ya bati na umeme, na swali hilo litakuuma, nisiseme halitakuuma. Wala sisemi hakupendi. Anakutaja mpaka wateja wangu wanajua mshahara wako haukutoshi. Lakini wewe, kaka, upendo wako ni wa kumnyang'anya mtu jembe mkononi ili apumzike. Utamkalisha barazani kwenye kiti kizuri, utawaambia watoto babu asisumbuliwe, na atakaa pale akiwatazama watu wanaopita wakienda kwenye shughuli zao. Atatabasamu kwa sababu ni mpole. Mwaka hautaisha tukiwa naye.

Na ukimwambia kwamba unajua habari ya bunduki, hata kwa nia njema, atafunga kiroba chake siku hiyohiyo na kurudi Lupembe. Kwangu hawezi kukaa kama baba anayetunzwa na binti yake. Anaweza kukaa kama mtu mwenye kazi isiyokwisha.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Njoo mwezi wa nane kama ulivyopanga, na uje na wote. Usipitie mlango wa nyumba, zunguka upande wa karakana, umsalimie Baba pale kwenye kigoda chake. Bunduki usiiulize wala leseni usiitaje. Muulize kalibu yake imefikia wapi. Atanitazama mimi, nami nitasema bado. Hapo ndipo ninapokuhitaji, maana neno langu peke yangu halitoshi, lako ndilo litakalofika Lupembe. Nifokee. Niambie mbele yake kwamba mimi ni fundi mzembe, kwamba nimemchelewesha mzee wa watu, na kwamba yeye haondoki hapa mpaka kazi yake iwe imetoka sawasawa, umeagiza wewe. Fanya sauti iwe kubwa, Dorosela naye asikie. Mimi nitainamisha kichwa kama tulipokuwa wadogo.

Msalimie wifi Ida, na pole yake ya jino. Wabusu watoto. Baba anawasalimu, ameniona naandika akaniuliza namwandikia nani, nikamwambia mteja.

Mdogo wako,
Ema